Ndugu yako amekamatwa kwenye maandamano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Meza yetu iko Dodoma mjini, safari fupi ya bajaji kutoka mahakamani. Ni meza ya msaada wa kisheria: viti vitatu, daftari la maswali, na simu ambayo tangu jioni ya Oktoba 29, 2025 haijapata kupumzika. Wengi waliotupigia walikuwa Nkuhungu, Chang'ombe, Ihumwa na Chamwino, lakini mtu wao alikuwa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha au Mbeya, amekamatwa katika maandamano ya siku hiyo ya uchaguzi mkuu au siku zilizofuata. Intaneti ilikuwa imekatwa, Dar ilikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, na mama aliyekaa Dodoma hakuwa na pa kujulia mwanawe yuko kituo gani. Waliyouliza ndiyo haya. Tumeyaweka kwa jinsi yanavyotujia, hatukufuata mpangilio wa vitabu.

Neno moja kabla hatujaanza: isipokuwa za Katiba, hatutaji nambari za vifungu. Sheria zetu zimechapwa upya, toleo limeanza kutumika Julai 1, 2025, na nambari nyingine zimehama. Ukienda kaunta na nambari ya zamani, afande atashughulika na nambari na kusahau haki.

Serikali inaita vurugu, wengine wanaita maandamano ya wananchi. Haki za aliyekamatwa zinafuata jina lipi?

Hazifuati jina lolote. Ibara ya 13(6) ya Katiba inataka mtuhumiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, utu wake ulindwe katika upelelezi wote, na inapiga marufuku kumtesa au kumpa adhabu ya kinyama au ya kumdhalilisha. Haikuongeza "isipokuwa aliyechoma kituo cha mafuta". Wapo waliochoma na wapo waliopora, hatuwatetei kwa hilo. Hao nao wanapelekwa mahakamani, hawapelekwi chumba cha nyuma.

Hatujui amewekwa kituo gani. Tuanzie wapi?

Anzeni na miguu, simu baadaye. Nendeni wawili: kwanza kituo kilicho karibu na alipokamatwa, kisha kituo cha wilaya, kisha kituo kikuu cha mkoa. Mmoja aongee, mwingine aandike. Andika saa mliyofika, jina la askari wa zamu, na jibu lake neno kwa neno, hata kama jibu ni "hayupo hapa". Hilo "hayupo hapa" la saa 3 asubuhi linakuja kuwa ushahidi siku atakapotokea kijana aliyelala naye selo moja tangu alfajiri.

Na hapa ndipo penye uzito wa ukurasa huu wote. Kwa miaka tuliyokaa kwenye meza hii, karibu kila aliyetuonyesha majeraha aliyapata katika saa ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Ama ni kati ya kurushwa kwenye difenda na kuandikwa kaunta, ama ni kati ya kutolewa selo usiku "kwenda kuhojiwa" na kurudishwa. Jina likishaingia kitabuni, yupo askari aliyempokea akiwa mzima, na huyo ataulizwa. Kabla ya hapo mtu ni mzigo usio na stakabadhi. Ndiyo maana tunaziambia familia: siku ya kwanza msihangaike kumtoa, hangaikeni aandikwe.

Bibi mmoja kutoka upande wa Chamwino alitufundisha hili kuliko semina yoyote. Aliingia kaunta na hotipoti ya ugali wa uwele na mlenda, akaamkia "mbukwenyi". Askari wawili vijana wakacheka, mmoja akamjibu kwa Kigogo. Bibi akasema ameleta chakula cha mjukuu wake. Hakuuliza kama yupo. Askari akamwambia aonje kwanza, kama ilivyo kawaida. Akaonja ugali, akaonja mlenda, akafunika hotipoti, akangoja. Yule askari akafungua kitabu atafute selo.

"Mjukuu wako hajaandikwa, bibi."

"Basi mwandike, mwanangu, ugali unapoa."

Akaandikwa. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mjomba wa kijana, mtumishi aliyevaa suti na kitambulisho shingoni, alikuwa ameambiwa mara mbili kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Tukijibiwa "hayupo" kila kituo je?

Andikeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), nakala kwa kamanda wa polisi wa mkoa (RPC) na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Barua iwe ya ukurasa mmoja: jina, umri, alivaa nini, alikamatwa wapi na saa ngapi, nani aliona, gari lilikuwa la aina gani. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakikataa kugonga muhuri, andikeni nyuma ya nakala yenu: tarehe, saa, na jina la aliyekataa.

Kama kimya kinaendelea, wakili anaweza kupeleka Mahakama Kuu maombi ya kuamuru mtu aletwe mbele ya jaji, yale ambayo mawakili huyaita kwa Kilatini habeas corpus. Tusiwadanganye: polisi wakiapa kwamba hawanaye, na ninyi hamna shahidi aliyewaona wakimchukua, maombi hayo huanguka. Ndiyo maana tumeng'ang'ania daftari lile la kaunta.

Saa 24 zinahesabiwaje? Na wikendi je?

Aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kama inawezekana. Isipowezekana, kituo kina mamlaka ya kumpa dhamana aende nyumbani akisubiri. Hayo maneno mawili, "kama inawezekana", ndiyo tundu ambamo siku hupotelea, na anayekamatwa Ijumaa jioni ajiandae kulijua vizuri. Kwa makosa yenye adhabu ya kifo, uhaini ukiwamo, sheria inasema tu afikishwe mapema iwezekanavyo. Wiki 2 bila kuonekana mahakamani hazimo kwenye sheria hata ukiisoma kwa kuigeuza kichwa chini.

Afande anataka hela ya dhamana.

Dhamana ya polisi haina malipo. Bango linalosema hivyo huwa liko ukutani, mara nyingi nyuma ya kiti cha huyo huyo anayedai.

Anahojiwa bila wakili. Ni halali?

Ana haki ya kuambiwa kwa nini amekamatwa, haki ya kukaa kimya, na haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka muda wa msingi wa mahojiano kuwa saa 4 tangu alipokamatwa, bila kuhesabu muda wa safari au wa kumsubiri wakili au ndugu. Muda unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu na kwa maandishi. Si jambo dogo hilo. Mahakama ya Rufani imekuwa ikiyafuta maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa, yaliyochukuliwa nje ya muda bila sababu, na kesi iliyosimama juu ya maelezo hayo pekee huanguka nayo.

Ukipata nafasi ya kuongea naye hata dakika 2 dirishani, usizimalize kwa "pole". Mwambie asome kabla ya kutia sahihi. Asichoweza kusoma, asomewe. Mwambie aombe saa ya kuanza na saa ya kumaliza viandikwe. Akiwa ameshapigwa, amwambie hakimu siku ya kwanza atakayomwona, kwa sauti, mbele ya watu. Hakimu akiandika "mshtakiwa anadai kupigwa, ana jeraha jicho la kushoto", kumbukumbu hiyo haifutiki kirahisi.

Kipigo gani kinahesabiwa kuwa mateso? Si polisi wanaruhusiwa kutumia nguvu?

Wanaruhusiwa nguvu ya kiasi wakati wa kumkamata anayekataa au anayekimbia. Pingu zikishafunga, ruhusa imekwisha. Kuanzia hapo sheria inataka atendewe kwa utu na asipewe adhabu ya kikatili, na akiugua au akiumia apatiwe matibabu.

Tuliyosimuliwa kwenye meza hii: virungu kwenye nyayo, magoti na viwiko, kurushwa kichurachura kwenye changarawe mpaka magoti yachanike, kuning'inizwa kwa mikono iliyofungwa, kumwagiwa maji usiku na kunyimwa kulala, kuvuliwa nguo, kutishiwa kwamba dada yako naye ataletwa. Hiyo ya mwisho haiachi alama mwilini, na ni mateso vilevile. Kumnyima mtu dawa yake ya kisukari au ya pumu ili "aongee" nayo imo.

Kuna pengo mlijue. Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, na sheria zetu za jinai hazina kosa linaloitwa "utesaji". Askari aliyetesa, akishtakiwa, atashtakiwa kwa shambulio, kudhuru mwili, kubaka au kuua, kama mtu yeyote wa mtaani. Hata hivyo mlango haujafungwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tuliuridhia mwaka 1976 na ule wa Afrika mwaka 1984, na yote miwili inakataza mateso.

Hospitali wanataka PF3, na PF3 inatoka kwa polisi wale wale waliompiga. Tufanye nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili, kwa sababu utaratibu wenyewe una kichekesho kichungu. Fomu namba 3 ya polisi ilitengenezwa kwa ajili ya aliyepigwa na jirani au aliyegongwa na bodaboda. Unaichukua kituoni, askari anajaza sehemu ya juu, daktari anajaza ya chini, unairudisha. Haikumfikiria mtu ambaye aliyempiga ndiye mwenye kalamu ya kujaza sehemu ya juu.

Kwanza, tiba. Matibabu ya dharura hayasubiri karatasi. Mtu anayetapika damu, aliyevunjika, aliyepoteza fahamu au anayekojoa mkojo mweusi kama Coca-Cola apelekwe moja kwa moja hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa. Mkojo huo mweusi usiupuuze: misuli ikipondwa sana kwa kipigo humwaga uchafu wake kwenye damu, na figo zinaweza kufa ndani ya siku chache huku mgonjwa akisema anaumwa mgongo tu. Mwambieni daktari neno "kipigo". Msiseme alianguka.

Pili, fomu. Si lazima uichukue kituo kile kile alichowekwa. Nenda kituo kingine, eleza kwamba umepigwa, omba PF3. Ukinyimwa, andika saa na jina, halafu nenda hospitali hivyo hivyo. PF3 si ushahidi pekee duniani. Faili la mgonjwa, picha ya eksirei, cheti cha dawa, stakabadhi ya malipo yenye tarehe na daktari mwenyewe akiitwa mahakamani vyote vinasikilizwa. Tumewahi kuona kesi ikibebwa na kijikaratasi cha duka la dawa: dawa ya maumivu, bandeji, tarehe.

Tatu, mfano wa karibu zaidi. Binamu yangu alitoka kituo fulani, sikitaji, siku ya Jumatano. Alhamisi alilala. Ijumaa alisema atapona. Jumatatu alipokubali kwenda hospitali, michirizi ya mgongoni ilikuwa imegeuka njano na nyayo zimeshapungua uvimbe. Daktari kijana, mwaminifu, aliandika alichokiona: "michubuko inayopona". Wakili wa upande wa pili aliyatumia maneno hayo mawili kama rungu la pili. Nendeni siku ile ile.

Daktari aandike nini hasa?

Mahali pa jeraha, urefu na upana kwa sentimita, rangi, umbo, na kama linalingana na maelezo ya mgonjwa. Michirizi miwili sambamba yenye ngozi safi katikati ni alama ya kitu kirefu cha mviringo, kama kirungu, na daktari anajua hivyo. Muombe achore kwenye mchoro wa mwili. Muombe pia akague nyayo, kwa sababu mgonjwa akiwa amelala na soksi, hakuna anayekumbuka.

Ninyi pigeni picha: moja ya mwili mzima na uso uonekane, nyingine ya karibu na rula au sarafu pembeni. Rudieni baada ya siku 2, maana michubuko mingine hujitokeza baadaye. Nguo zenye damu msifue. Zianikeni zikauke kivulini, kisha ziwekwe kwenye bahasha kubwa ya khaki, kila moja na yake. Kwenye mfuko wa plastiki zitaoza.

Alikiri kwa sababu alipigwa. Ameshaharibu kesi?

Hapana. Ungamo lililotolewa kwa vitisho, kipigo au ahadi si la hiari, na Sheria ya Ushahidi inaitaka serikali ithibitishe kwamba lilikuwa la hiari. Siku upande wa mashtaka unapotaka kuyaingiza maelezo hayo, mshtakiwa au wakili wake anapinga hapo hapo, na mahakama inaendesha kesi ndogo ndani ya kesi kuamua hilo tu. Akinyamaza siku hiyo, akaja kusema "nilipigwa" wakati wa kujitetea, amechelewa sana.

Jihadhari pia na safari ya kwenda kwa Mlinzi wa Amani. Huyo kwa kawaida ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kazi yake ni kuchukua maelezo ya mtuhumiwa nje ya macho ya polisi. Anapaswa kuuliza kama amepigwa na kumkagua mwili. Mtuhumiwa anayeogopa kurudishwa selo usiku ule hujibu "sijapigwa". Tunaelewa kwa nini. Lakini mwambieni mapema kwamba mbele ya huyo mtu anaruhusiwa kukataa kusema chochote.

Ameshtakiwa kwa uhaini. Dhamana ipo?

Haipo. Uhaini ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana, pamoja na mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikubali kifungu hicho cha kuzuia dhamana kiendelee, baada ya Mahakama Kuu kusema kinakiuka Katiba. Adhabu ya uhaini ni kifo, na mahakama ya hakimu mkazi haina mamlaka ya kuusikiliza. Pale kesi inatajwa tu, "upelelezi haujakamilika", mahabusu anarudi kwenye karandinga.

Baada ya Oktoba 29 mamia ya watu walisomewa shtaka hili, wengi vijana. Novemba 14, 2025, akifungua Bunge hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliomba mamlaka za mashtaka ziwafikirie vijana waliofuata mkumbo, na wengi wakaachiwa wiki zilizofuata. Sisi tulifurahi na familia zao. Lakini swali la kwa nini mtu aliyekutwa akitoka kazini alisomewa uhaini kwanza na kupelelezwa baadaye bado liko palepale. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilishasema upelelezi utangulie ukamataji.

Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) amemfutia kesi. Amekuwa huru kabisa?

Yuko nje, lakini kuondolewa shtaka na DPP si hukumu ya kuachiwa huru. Anaweza kukamatwa tena kwa kosa lile lile. Achukue nakala ya amri ya mahakama, atembee nayo.

Mwanangu ana miaka 16.

Ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hachanganywi na watu wazima selo, na mzazi au mlezi au ofisa ustawi wa jamii anapaswa kuwepo. Beba cheti cha kuzaliwa; kama hakipo, kadi ya kliniki au barua ya shule. Tumeona watoto "wakiongezwa" miaka kaunta kwa sababu wana ndevu mbili.

Na mwanamke?

Anapekuliwa na askari wa kike. Anawekwa mbali na wanaume. Akiwa mjamzito au ananyonyesha, semeni mapema, tena kwa maandishi. Kuhusu kubakwa au kuguswa: hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU haifanyi kazi baada ya hapo. Dawa kwanza, mengine ataamua mwenyewe.

Malalamiko tupeleke wapi hapa Dodoma?

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina makao makuu hapa hapa mjini. Ilianza kazi mwaka 2001 ikirithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Malalamiko ni bure, unaweza kuyatoa kwa mdomo, na Tume ina mamlaka ya kuingia magereza na mahabusu kukagua. Haiwezi kushika jambo ambalo tayari liko mahakamani, basi nendeni kabla. Itatoa mapendekezo, haitoi hukumu.

Kwa wakili, ulizeni Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS) au wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya RPC nayo inapokea barua. Ipelekeni hata kama hamna imani nayo. Kesho wakisema "hakuna aliyelalamika", mna muhuri.

Je, kuna aliyewahi kuwajibishwa kwa mateso ya mahabusu nchi hii?

Wapo, na watu wanasahau. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji wa vikongwe waliodhaniwa wachawi huko Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikusanywa na kuteswa, baadhi wakafia mikononi mwa dola. Habari ilipomfikia Mwalimu Nyerere, mambo hayakuishia kwa askari wa chini. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwaka 1977 ingawa hakuna aliyesema alishika kirungu, na maofisa wa polisi na usalama walishtakiwa na kufungwa. Miaka 8 baadaye Mwinyi alikuwa Rais. Kujiuzulu hakukumuua kisiasa, na hilo tungependa wakubwa wa leo walisome taratibu.

Januari 2006 wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao walikamatwa Dar es Salaam wakauawa msitu wa Pande. Kesi ile iliyojulikana kwa jina la Zombe, ofisa wa polisi aliyeshtakiwa, ilikwenda miaka 10, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja tu. Januari 2022 polisi 7 walifikishwa mahakamani Mtwara kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini; mwaka 2025 wawili wakahukumiwa kunyongwa.

Angalieni kitu kimoja: kesi ya Mahenge na ya Mtwara zote zilihusu wafanyabiashara, wenye fedha zilizotoweka. Anayeteswa kwa kuandamana hana madini ya kufuatilia. Kesi yake haina mtu wa kuihesabu isipokuwa ndugu zake.

Na ile tume ya uchunguzi ya matukio ya Oktoba 29?

Ilitangazwa Novemba 2025, nayo ikapewa Jaji Chande. Tume ya uchunguzi haimfungi mtu na haimlipi mtu fidia. Tunashauri atakayepata nafasi ya kutoa ushahidi mbele ya tume yoyote ya namna hiyo aende na maandishi, abaki na nakala, na wala asiache kufungua madai yake kwa sababu "tume inashughulikia". Tume haisimamishi saa ya sheria.

Amefia mikononi mwa polisi. Wanataka tuzike haraka.

Poleni sana. Msizike kwanza. Kifo cha mtu aliye chini ya ulinzi kinatakiwa kufanyiwa uchunguzi rasmi mbele ya hakimu kwa Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, na mwili ufanyiwe uchunguzi wa daktari. Ombeni kwa barua ndugu mmoja, ikiwezekana pamoja na daktari mnayemwamini, ashuhudie. Msitie sahihi karatasi inayosema mmeridhika na sababu ya kifo kabla ya kuisoma ripoti. Kwa Waislamu tunajua uzito wa kuchelewesha. Ongeeni na shehe wenu mapema, wengi wanaelewa dharura ya namna hii. Mkiwa hamna budi, angalau wanaoosha mwili waangalie, wakumbuke, na mmoja aandike walichokiona usiku ule ule.

Tunaweza kuishtaki serikali?

Mnaweza. Notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha kesi Mahakama Kuu. Madai ya madhara ya mwili yana ukomo wa miaka 3. Njia ya kikatiba ipo pia, chini ya Ibara ya 30.

Na zile mahakama za Arusha?

Mahakama ya Afrika iko kilomita zaidi ya 400 kutoka hapa, lakini kwa Mtanzania wa kawaida iko mbali kuliko hivyo: Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi, ila muda wake ni miezi 2 tu tangu tukio. Ndiko walikokwenda mwaka 2025 wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, waliokuja Dar kwa ajili ya kesi ya uhaini ya Tundu Lissu na ambao wamesema waliteswa na kudhalilishwa kijinsia baada ya kukamatwa.

Ametoka, lakini hasemi, halali, anashtuka mlango ukigongwa.

Msimlazimishe asimulie, na msimwambie "sahau". Asikae gizani peke yake, asinywe kujituliza. Hali ikipita mwezi, au akitaja kujiua hata kwa utani, mpelekeni kwa wataalamu wa afya ya akili. Ndiyo, hospitali ya Mirembe. Tunajua Dodoma jina hilo linatumika kama tusi, na tunajua kijana mmoja aliyekataa kwenda mpaka tukamwahidi bajaji itamshusha hatua 200 kabla ya geti. Alishushwa hatua 200 kabla ya geti. Anaendelea kwenda.

Simu yake imebaki kituoni.

Vitu vilivyochukuliwa vinapaswa kuorodheshwa na kupewa stakabadhi. Kama hakupewa, tafuteni boksi la simu nyumbani, mnakili IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, muandike barua kwa mkuu wa kituo mkitaja IMEI hiyo, rangi, na mahali kioo kilipopasuka. Msitaje nywila, hata wakiiomba kwa upole.